Ploti yako imekalia njia ya nyumbu?

Na MWANDISHI WETU

JUMAPILI moja chama chetu kilikodi matatu kwenda kutazama ploti upande wa Kitengela. Kampuni iliyokuwa ikiuza ardhi hiyo ilikuwa imetuahidi kila kitu: stima iko karibu, maji ya kisima yapo, barabara itatengenezwa, na hatimiliki zitatoka baada ya siku 90. Vigingi vilikuwa vimekwisha kupigwa ardhini, kila kimoja na nambari yake ya rangi nyekundu.

Tulipokuwa tukikadiria kwa macho mahali pa kuweka lango na mahali pa kuchimba choo, mzee mmoja mfugaji aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake alisimama kutusalimu. Nilimwuliza kama eneo lile lina usalama.

"Usalama upo, mwanangu," akajibu huku ameegemea fimbo yake. "Lakini hapa mlipopiga vigingi ni njia. Nilipokuwa kijana, nyumbu walikuwa wakipita hapa tangu asubuhi hadi jua linatua. Sisi na ng'ombe wetu tulikuwa tukingoja wapite kwanza."

"Na siku hizi wanapita wapi, mzee?"

Akaitazama seng'enge ya shamba la jirani. "Hilo waulize walioleta waya," akasema, na kuwafuata ng'ombe wake.

Jibu hilo lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi Nairobi. Tulikuwa tumeonyeshwa ramani ya mpimaji wa ardhi, nakala ya hatimiliki mama na orodha ya bei. Katika karatasi zote hizo hapakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha njia ya mnyama. Hata hivyo, ramani za namna hiyo zipo. Zimechorwa na wataalamu, na nyingine zimechorwa na wafugaji wenyewe. Shida ni kwamba mara nyingi hazifiki mahali ambapo ardhi inakatwa na kuuzwa, au zikifika, hukuta waya umekwisha kufungwa.

MBUGA NI SEBULE TU

Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ikawa ya kwanza nchini. Ukubwa wake ni kilomita mraba 117. Watoto wengi wa jiji hili walimwona simba kwa mara ya kwanza humo, wakiwa katika basi la shule, huku maghorofa ya jiji yakionekana kwa mbali nyuma ya shingo ya twiga.

Jambo ambalo huenda mwalimu hakutueleza siku hiyo ni kwamba mbuga hiyo haijitoshelezi. Pande tatu imezungushiwa ua. Upande wa kusini mpaka wake ni mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto huo zinaanza nyanda za Athi na Kapiti zinazoenea katika Kajiado na Machakos. Nyanda hizo zikijumlishwa na mbuga yenyewe ni kama kilomita mraba 2,200. Kwa hesabu hiyo, mbuga tunayolipia kuingia ni sehemu moja tu kati ya karibu 20. Ni sebule, na vyumba vya kulala viko nje.

Kiangazi kinapokaza, nyumbu na punda milia huingia mbugani kwa sababu ndani yake mna maji ya kudumu. (Nyumbu tunayemzungumzia hapa ni yule wa mwituni mwenye ndevu, si mtoto wa punda na farasi.) Mvua zikianza, hutoka kwenda nyandani ambako nyasi ni fupi na zenye madini yanayowafaa wanyama wanaonyonyesha. Huko ndiko wanakozalia. Simba nao huwafuata, maana mwenye njaa hafuati mpaka wa ramani.

Serikali imekuwa ikihesabu wanyamapori katika maeneo ya wafugaji kwa kutumia ndege ndogo tangu mwaka 1977. Kutokana na hesabu hizo, watafiti waligundua kwamba nyumbu wa nyanda za Athi na Kapiti walikuwa karibu 30,000 mwaka 1978. Miaka 30 hivi baadaye walikuwa chini ya 5,000. Wanyama hao hawakumalizwa na ugonjwa mmoja au ukame mmoja. Walizibiwa njia.

Si huko tu. Hesabu za nchi nzima kati ya 1977 na 2016 zilionyesha kwamba idadi ya wanyamapori katika maeneo ya wafugaji ilipungua kwa wastani wa asilimia 68. Na ikumbukwe kwamba mbuga na hifadhi za Kenya ni asilimia 8 hivi tu ya nchi. Sehemu kubwa ya wanyama wetu, yapata asilimia 65, huishi nje ya mbuga, katika mashamba ya watu.

HAKUNA ALIYEKUSUDIA

Ukitafuta mkosaji katika kisa hiki utachoka. Mashamba ya kundi ya Wamaasai yaligawanywa miaka ya 1980, kila familia ikapata kipande chake na hatimiliki yake. Mwaka 1990 ilianzishwa mamlaka ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, na viwanda vyake vikajengwa Athi River. Wafanyakazi wakahitaji vyumba vya kupanga. Barabara ya Namanga ikavuta maduka, maduka yakavuta watu, na mji wa Kitengela ukafura kama unga wa mandazi.

Mfugaji aliyeuza ekari mbili alitaka kulipa karo au hospitali. Aliyenunua alitaka kuikimbia kodi ya nyumba ya Nairobi. Aliyefunga ua alitaka mbuzi wake wasiliwe na fisi. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila mmoja alifanya jambo dogo.

Sasa tufanye hesabu. Ploti ya kawaida ni futi 50 kwa 100, ambayo sokoni huitwa thumuni ya ekari. Shamba la ekari 100 likikatwa hivyo, hata ukiondoa barabara za ndani, linatoa mamia ya ploti, na kila mwenye ploti atataka ua wake. Nyumbu aliyekuwa akipita katika shamba la mtu mmoja sasa anatakiwa kupita katika mashamba ya mamia ya watu wasiojuana. Hawezi.

Wakati huohuo simba wanaotoka mbugani hukutana na zizi la mbuzi badala ya nyumbu. Mwezi Juni 2012, wanavijiji wa Kitengela waliwaua simba sita kwa siku moja baada ya mifugo kuliwa. Ni karibu na mbuga hiyohiyo ambapo kijana Richard Turere, akiwa mtoto wa miaka 11 hivi, alibuni taa za kumetameta kwa kutumia betri na vipuri vya pikipiki ili kuwatisha simba wasikaribie zizi la baba yake. Ubunifu wake ulimpeleka hadi Marekani kuzungumza mwaka 2013. Lakini taa hulinda zizi tu. Haiwezi kufungua njia iliyozibwa.

RAMANI HUCHORWA VIPI?

Bayoanuwai ni neno zito, lakini maana yake si ngumu: ni jumla ya viumbe mbalimbali, wanyama, ndege, wadudu, miti na nyasi, pamoja na mahali wanapoishi na jinsi wanavyotegemeana. Kuchora ramani ya maeneo yake muhimu ni kujibu swali moja: ikiwa hatuwezi kuiacha ardhi yote bila kujengwa, ni sehemu zipi ambazo tukizipoteza hatutapata nyingine badala yake?

Kwanza wataalamu huorodhesha vilivyopo. Hutumia picha za setilaiti, hesabu za ndege ndogo, kumbukumbu za makumbusho na maelezo ya wenyeji. Pili, huamua kiasi cha chini kinachohitajika ili kila kitu kiendelee kuwapo: misitu kiasi gani, vinamasi vingapi, upana gani wa njia ya wanyama. Tatu, eneo zima hugawanywa vipande vidogo kama miraba ya daftari la hesabu, na kila mraba huandikiwa kilichomo pamoja na hasara au gharama ya kuuacha.

Hatua ya nne ndiyo inayowashangaza wengi. Mtu angedhani kwamba unachagua miraba yenye viumbe wengi zaidi, basi. Sivyo. Kocha wa Gor Mahia au AFC Leopards hachagui wafungaji mabao 11 eti kwa kuwa ndio hodari zaidi. Anahitaji mlinda lango hata kama kipa huyo hajafunga bao maishani mwake. Vivyo hivyo, mraba mkavu wenye aina chache za nyasi unaweza kuingia katika timu kwa sababu aina hizo hazipo kwingine, au kwa sababu ndio pekee unaounganisha miraba miwili mikubwa. Njia ya nyumbu ni mchezaji wa namna hiyo. Ukiitazama miezi ambayo wanyama wako mbugani, utaona uwanja mtupu. Ukiifunga, timu nzima imevunjika.

Kazi ya kulinganisha miraba maelfu hufanywa na kompyuta. Australia ilitumia programu ya namna hiyo ilipopanga upya matumizi ya matumbawe yake makubwa ya pwani ya mashariki. Mwaka 2004 sehemu ambazo uvuvi umepigwa marufuku ziliongezwa kutoka chini ya asilimia 5 hadi asilimia 33 ya hifadhi hiyo ya bahari. Kompyuta haikuamua. Ilileta mapendekezo, wavuvi na wenye hoteli wakapinga hapa na kuomba pale, na mistari ikasogezwa.

Mwisho wa yote ni karatasi yenye rangi. Rangi moja ni ya maeneo nyeti ambayo yasiguswe. Nyingine ni ya maeneo ya kusaidia, ambapo ufugaji na shughuli nyepesi zinaruhusiwa. Yaliyobaki ni maeneo ambapo kujenga hakuleti hasara kubwa. Rangi hii ya mwisho husahauliwa sana, ilhali ramani nzuri humwonyesha mjenzi mahali pa kujenga kama inavyomwonyesha mahali pa kuacha.

WALIOHESABU NYUA

Nyanda za Athi na Kapiti zilipata watu wa kuzichora. Mwaka 2004 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, yenye ofisi zake Nairobi, walishirikiana na wenyeji waliofunzwa kutumia kifaa cha GPS, ambacho hupokea ishara za setilaiti na kukuambia mahali ulipo. Walizunguka shamba baada ya shamba wakiandika kila ua unapoanzia na unapoishia.

Walipomaliza, kila mtu aliweza kuona kwa macho kile ambacho wazee walikuwa wakilalamikia. Nyua zilikuwa zimesongamana kando ya barabara ya Namanga na pembezoni mwa miji, zikisonga mbele kuelekea njia za wanyama. Ramani hiyo haikuwa ya wageni. Wenyeji waliichora, na hivyo hawakuweza kuambiwa kwamba ni uongo wa Nairobi.

Kutokana na kazi ya aina hiyo, lililokuwa baraza la wilaya, Olkejuado, lilipata mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto. Mpango huo ulitenga sehemu za miji na sehemu za mifugo na wanyamapori, na ulikusudia kuzuia ardhi ya malisho isikatwekatwe vipande vidogo. Baadaye, mwaka 2013, serikali za kaunti zilianza kazi na mabaraza ya zamani yakavunjwa. Waliobuni mpango na waliotakiwa kuutekeleza wakawa watu tofauti.

Kulikuwa na jaribio jingine lililoanza mwaka 2000. Wafugaji waliokubali kutofunga ua, kutouza na kutochimba mawe walilipwa shilingi 300 kwa kila ekari kwa mwaka. Malipo yaligawanywa mara tatu, yakipangwa yafike wakati wa karo. Wazazi wanaosoma makala haya wanajua maana ya pesa zinazofika wiki ya kufungua shule. Familia nyingi zilijiunga, na kwa miaka kadhaa maelfu ya ekari yakabaki wazi.

Lakini fedha hizo zilitegemea wafadhili, na ufadhili una mwisho. Isitoshe, ekari inayolipwa 300 kwa mwaka huweza kuuzwa kwa mamilioni karibu na mji. Mfugaji anayekataa mamilioni kwa ajili ya nyumbu wa taifa zima anastahili zaidi ya pongezi.

CAPE TOWN WALIFANYAJE?

Nchi moja ya Afrika imeifanya ramani ya namna hii kuwa kazi ya kila siku ya ofisi, nayo ni Afrika Kusini. Mwaka 2004 ilipitisha sheria ya bayoanuwai iliyounda taasisi ya taifa ya kushughulikia elimu hiyo, SANBI. Tangu hapo mikoa imechora ramani zinazoonyesha maeneo nyeti na maeneo ya kusaidia, na maafisa wa mipango wanatakiwa kuzitazama wanapopanga miji na kuamua maombi ya ujenzi.

Cape Town ni mfano unaofaa watu wa Nairobi, kwa sababu nao ni mji mkubwa uliojengwa juu ya hazina. Ndani ya mipaka ya jiji hilo huota zaidi ya aina 3,000 za mimea, na mingine haipo popote pengine duniani. Mingi iko katika tambarare za mchanga ambako utawala wa ubaguzi wa rangi uliwahamishia watu weusi na machotara, na ambako hadi leo kuna uhaba mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo kila kipande cha ardhi kina wadai wawili: ua dogo lisilo na mwingine wa aina yake, na mama mwenye watoto asiye na paa.

Ramani haikuondoa ugomvi huo. Iliuwahisha. Ombi la kujenga linapokuja, afisa huweka kiwanja juu ya ramani. Kikiangukia eneo nyeti, mwombaji huambiwa mapema kwamba atahitaji uchunguzi zaidi au atafute kwingine, kabla hajalipa mchoraji na mkandarasi. Kikiwa kwingine, suala hilo halimcheleweshi. Bila ramani, ugomvi huohuo huja siku tingatinga limewashwa, na hapo wanaonufaika ni mawakili.

Sisi tumeuonja ugomvi wa namna hiyo. Reli mpya ya kwenda Naivasha ilipopitishwa ndani ya Mbuga ya Nairobi, kesi zilifunguliwa, maandamano yakafanywa, na mwisho treni ikapitishwa juu ya daraja la urefu wa kilomita 6 hivi. Ilianza kubeba abiria Oktoba 2019. Wanyama wanapita chini ya daraja. Lakini kupanga mambo baada ya wakandarasi kufika ni sawa na kutafuta mwavuli mvua ikiwa imekwisha kukulowesha.

TANA WALILIPA KWA DAMU

Kuna mahali hapa nchini ambapo kukosa ramani ya pamoja kulileta maafa makubwa kuliko kupotea kwa nyumbu. Mahali hapo ni delta ya mto Tana.

Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini, na unapokaribia Bahari Hindi hutawanyika na kuwa vinamasi, mabwawa, malisho na mikoko. Wapokomo hulima kando ya maji. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao kunywa na kula wakati wa kiangazi, wakipitia njia za kwenda mtoni zinazoitwa malka. Ndege wa majini hufika kwa maelfu. Mwaka 2012 delta hiyo iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya vinamasi muhimu, ile ya mkataba wa Ramsar.

Katika miaka iliyotangulia, miradi mikubwa ya miwa na ya mimea ya mafuta ilikuwa imependekezwa huko, kila mmoja ukidai maelfu ya hekta kana kwamba hapakuwa na mtu. Ardhi ikawa finyu, mashamba yakaziba malka, ng'ombe wakaingia mashambani. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013, mapigano kati ya wakulima na wafugaji yaliua zaidi ya watu 100, wakiwamo wanawake na watoto.

Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza serikali iandae mpango wa matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wakazi. Kazi hiyo ilihusisha serikali, shirika la Nature Kenya na kamati za wanavijiji. Mwaka 2015 mpango ulikamilika. Ndani yake mna sehemu za kulima, sehemu za malisho, njia za mifugo kwenda majini, na maeneo yanayohifadhiwa na jamii zenyewe.

Tazama kwamba njia ya ng'ombe na eneo la ndege ziko katika karatasi moja. Hilo ndilo funzo la Tana. Ramani ya bayoanuwai ikitengenezwa peke yake, wananchi huiona kama hila ya kuwapokonya ardhi. Ikiwekwa pamoja na mahali watu wanapolima, wanapochunga na wanapochota maji, inakuwa ramani ya maisha yao.

HOFU YA MFUGAJI

Na hofu hiyo ya kupokonywa si ya bure. Wafugaji wa nchi hii wanakumbuka mbuga zilizotengwa katika malisho ya babu zao bila wao kuulizwa. Mtu akiona shamba lake limepakwa rangi ya njia ya wanyama, swali lake la kwanza ni: Je, bado ni langu? Katiba ya 2010 inalinda haki ya kumiliki mali, na ramani haiifuti hatimiliki. Lakini bila fidia au mapato, rangi hiyo inaweza kumshushia bei ya ardhi huku jirani yake akitajirika.

Aidha, ramani huzeeka. Ua mmoja ukifungwa leo, mstari wa jana umekuwa historia. Na ramani inayojulikana inaweza kuwaamsha walanguzi, wakakimbilia kununua kabla ya masharti kutangazwa.

Hata hivyo, hatuanzi na karatasi tupu. Mwaka 2017 serikali ilizindua ripoti kubwa ya njia za wanyamapori, iliyoonyesha njia na shoroba zipatazo 110 nchini. Nyanda za Athi na Kapiti zimo. Kuna mpango wa taifa wa matumizi ya nafasi wa 2015 hadi 2045. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inazitaka kaunti ziwe na mipango ya miaka 10 iliyochorwa katika ramani, na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Kilichobaki ni kuziunganisha ramani hizi, ili karani anayepokea ombi la kukata shamba aone njia ya nyumbu katika meza yake ileile.

KABLA HUJALIPA

Msomaji unayepanga kununua ploti, bila shaka huwa unakwenda afisi ya ardhi kuthibitisha mwenye hatimiliki. Fanya hivyo, kisha uende pia afisi ya mipango ya kaunti. Uliza ardhi hiyo imetengewa matumizi gani, na kama iko katika njia au eneo la mtawanyiko la wanyamapori. Uliza kama shamba lilipata idhini ya kukatwa. Maswali hayo hayamsaidii nyumbu peke yake. Ardhi iliyo nje ya mpango ni ardhi ambayo maji, barabara na idhini ya kujenga vinaweza kuchelewa miaka mingi.

Kaunti inapotangaza mkutano wa maoni kuhusu mpango wa ardhi, nenda. Mara nyingi viti vya mbele hujaa wauzaji wa ploti, na viti vya nyuma huwa vitupu.

Nanyi wanafunzi, ramani hizi si kazi ya maprofesa pekee. Tangu 2013 kuna mradi wa kuchora upya ramani ya ndege wa Kenya, ambapo watu wa kujitolea huorodhesha ndege wanaowaona katika miraba ya kilomita 9 kwa 9 hivi. Darubini moja, daftari na asubuhi ya Jumamosi vinatosha kuanza. Mraba wenu unaweza kuwa ule ambao hakuna aliyeuchunguza.

Ama kuhusu chama chetu, tulikutana wiki mbili baadaye. Niliwasimulia wenzangu niliyoyasoma. Mweka hazina wetu, mama asiyependa maneno mengi, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza: "Tusiponunua sisi, si watanunua wengine?"

Alikuwa na haki. Tuliamua kutafuta ardhi upande mwingine, karibu na mji uliokwisha kupangwa, na kweli ploti zile zilinunuliwa na wengine kabla mwezi haujakwisha. Dhamiri ya watu 12 haiwezi kuifungua njia ya nyumbu, wala haifai kutegemewa. Ndiyo maana inahitajika ramani yenye nguvu ya sheria, iliyokubaliwa na wenye ardhi na kufidiwa ipasavyo, nayo ifike kwa karani kabla mpimaji hajapiga kigingi cha kwanza.